Alionja tu: kisa cha mtoto wa Lamu aliyedhaniwa ana mzio wa kamba

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya wazazi. Majina, mtaa, mwaka na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtoto nimeyaondoa. Mimi ni afisa wa kliniki, na ndiye niliyempokea mtoto mara zote mbili. Nimeandika kwa ajili ya wahudumu wenzangu wa zahanati na kwa wazazi wenye watoto wadogo, kwa sababu tulimwokoa mtoto siku ya kwanza, kisha tukakosea kuhusu kilichomdhuru kwa wiki 5 nzima. Kosa hilo nusura litugharimu.

Usuli

Mtoto wa kike, umri miezi 20, uzito kilo 11, mtoto wa pili. Anaishi Lamu mjini na wazazi wake, dada yake wa miaka 6 na bibi yake mzaa baba. Chanjo zake zimekamilika. Alikuwa akila chakula cha nyumbani bila shida: uji, wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kila aina, mayai, maziwa, hata njugu zilizosagwa ndani ya uji. Mjomba wake ana pumu.

Tangu akiwa na miezi 3 ngozi yake ilikuwa kavu na yenye kuwasha mashavuni, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Huo ni ukurutu, wengine huuita pumu ya ngozi. Nyumbani wakauita harara, na kila jioni baada ya kuogeshwa bibi alimkanda kwa uto, yaani mafuta ya simsim (ufuta) yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani. Bibi alikandwa hivyo na mamake, akamkanda hivyo mwanawe. Jambo hili sikulijua siku ya kwanza kwa sababu sikuuliza.

Mchana wa Maulidi

Ilikuwa Mfungo Sita, wiki ya Maulidi. Aliyewahi kuwa Lamu wiki hiyo anajua: mji hujaa wageni, vichochoro havipitiki, na kila nyumba hupika kwa masinia. Nyumbani kwao walikuwapo jamaa kutoka Pate na Mombasa, watu zaidi ya 20. Mtoto alipitishwa mkono kwa mkono tangu asubuhi.

Saa 7:20 mchana liliwekwa sinia la pilau ya kamba. Mtoto alikuwa hajawahi kula kamba. Mamake alimchambulia wawili, akamlisha na wali kidogo. Baada ya chakula ikaja kahawa na halua.

Saa 7:50 akaanza kujikuna midomo na kulia. Midomo ikavimba, kisha kope. Mabaka mekundu yaliyoinuka yakatokea shingoni na kushuka tumboni. Saa 8:00 alitapika mara mbili na kuanza kukohoa kikohozi kikavu kisichokatika. Shangazi yake alikuwa na chupa ya klofeniramini, dawa ya maji ya mzio, akampa kijiko kidogo. Dakika kumi baadaye mtoto akanyamaza, akalegea begani mwa mamake. Watu wakasema alhamdulillahi, dawa imefanya kazi, amelala.

Hakuwa amelala. Mtoto aliyekuwa akilia kwa kuwashwa, akitapika na kukohoa, halafu ghafla akalegea, huyo damu inamshuka shinikizo. Mzazi akikumbuka sentensi moja tu katika maandishi haya, naomba iwe hiyo.

Palizuka pia mazungumzo ya jicho la husuda. Wageni walikuwa wamemsifu sana asubuhi ile, na mzee mmoja akashauri aandikiwe kombe kwanza, yaani aya zinazoandikwa sahanini, zikaoshwa kwa maji na kunywewa. Ami yake akajibu kwamba dua itasomwa njiani, akambeba na kutoka mbio. Ninamheshimu sana ami yule. Hakubishana na mzee wala hakuivunjia heshima imani ya nyumba, na hakupoteza hata dakika. Ila alimbeba wima, kichwa kikiwa begani, akipenya kwenye umati kwa robo saa, na mtoto aliyeshuka shinikizo hatakiwi kuwa wima. Angelazwa mikononi kama mtoto mchanga, miguu ikiwa juu kidogo, damu ingeendelea kufika moyoni. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Chumbani, saa 8:40

Bibi alifika nyuma yao akihema. Alichosema ni "Mato yake, daktari, mato yake," maana kope zilikuwa zimefumba kabisa. Lakini mimi macho hayakunitisha. Nilisikia kifua kikipiga filimbi kila alipotoa pumzi. Hewa ya oksijeni katika damu ilikuwa asilimia 89, mapigo ya moyo 178 kwa dakika. Nilimbonyeza kifuani kwa kidole sekunde 5, nikaachia; rangi ilichukua sekunde 4 kurudi. Ngozi, tumbo, mapafu na mzunguko wa damu vilikuwa vimeguswa vyote kwa mpigo. Huo ni mzio mkali wa mwili mzima, anafilaksia.

Dawa yake ya kwanza ni adrenalini, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 11 ni miligramu 0.11, na kwa ampuli (kichupa cha kioo cha dawa) ya miligramu 1 katika mililita 1 hiyo ni mililita 0.11 tu, tone la kuvuta kwa sindano ndogo ya mililita 1. Nimeona wenzangu wakisita hapa. Hutafuta kwanza mshipa, huanza na haidrokotisoni, dawa ya mzio inayofanya kazi polepole, hungoja. Mshipa wa mtoto wa miezi 20 aliyeshuka shinikizo unaweza kukukimbia nusu saa, lakini paja liko palepale.

Nilimdunga saa 8:42, tukamlaza chali, tukampa oksijeni. Saa 8:49 kifua kilikuwa bado kinabana, nikarudia kipimo kilekile. Muuguzi akafanikiwa kupata mshipa na tukampa maji ya chumvi mililita 110. Kufikia saa 9:05 alifungua jicho moja, akamtafuta mamake, akalia kwa sauti kubwa. Chumba kizima kilishusha pumzi.

Familia iliomba kurudi nyumbani jioni, wageni wanangoja. Nilikataa, kwa sababu mzio wa namna hii unaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia bila mtoto kula kitu kipya. Saa 3 usiku mabaka yalirudi tumboni, safari hii bila shida ya pumzi, yakaisha kwa dawa ya kunywa. Asubuhi alikuwa anacheza.

Nilipokosea

Asubuhi ile nilimuuliza mama, "Alikula nini jana?" Akajibu pilau na kamba. Nikauliza kama aliwahi kula kamba. La, ilikuwa mara ya kwanza. Nikaandika kwenye kitabu cha kliniki: mzio wa kamba. Mazungumzo hayakufika dakika 3, na foleni ilikuwa ndefu nje.

Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Kamba ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio mkali mara nyingi, kilikuwa kipya kwake, na kilitangulia dalili kwa nusu saa. Nilikuwa nimefikiria pia mambo mengine mawili. La kwanza, amoksilini: alikuwa amemaliza chupa siku 2 kabla, kwa ajili ya sikio. Lakini mzio mkali wa dawa kwa kawaida huja muda mfupi baada ya kumeza, hauchelewi siku mbili. La pili, sumu ya samaki aliyekosa barafu. Wavuvi wetu wanaijua: jodari au nguru akikaa juani, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake, na moto wa jikoni hauiondoi. Anayekula huwa mwekundu, hutapika, kichwa humgonga, na mtu anaweza kuapa kuwa ni mzio. Ila hiyo huwapata wengi walioshiriki sinia moja, na hapa watu zaidi ya 20 walikula wakabaki salama. Kwa hiyo nikabaki na kamba, nikaridhika.

Mama hakuridhika na tahadhari ndogo, na hofu yake naielewa. Alipofika nyumbani aliondoa kamba, kisha samaki wote, kisha mayai, maziwa na njugu, kwa kuwa jirani alimwambia hivyo vyote "vina aleji". Katika nyumba ya Lamu ukiondoa samaki umeondoa kitoweo. Wiki 5 baadaye mtoto alikuwa na kilo 10.4.

Mara ya pili

Siku hiyo baba alirudi na mikate midogo ya duara, ile yenye mbegu za simsim juu. Mama aliogopa mbegu zisije zikampalia mtoto. Akaupigapiga mkate ukingoni mwa meza mpaka mbegu zikapukutika, akaumenya ule utando wa juu, akampa mtoto nyama nyeupe ya ndani. Dakika 15 baadaye midomo ilivimba, akatapika, akaanza kikohozi kile kile.

Safari hii hawakungoja. Alifika akiwa amelazwa mikononi, sindano moja ikatosha.

Mama alikuwa analia kwa uchungu ulionichoma. "Daktari, kamba sijampa. Samaki sijampa. Yai sijampa. Nimemnyima kila kitu." Alikuwa amesema kweli, na mimi ndiye niliyemwandikia jina la adui asiyekuwepo.

Daftari

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwao na daftari la shule. Nilikaa dakani, ukumbi wa mlangoni, na watu wote wa nyumba, nikamwamkia bibi, nikaeleza kwamba sikuja kutafuta mkosaji. Tukachora mistari ya siku mbili, ya Maulidi na ya mkate, kila mstari ukirudi nyuma saa 4 kabla ya dalili.

Nilibadilisha swali. Badala ya "alikula nini", niliuliza: nini kiligusa kinywa chake, ngozi yake, na mkono wa nani ulikibeba? Mtu mzima akiulizwa alichokula mtoto hutaja mlo. Hataji alichoonja au alichorambishwa, wala maji aliyopewa kwa kikombe cha mtu mwingine.

Wakubwa walirudia pilau na kamba. Tulikuwa tunakaribia kufunga mstari wa Maulidi pale dada mtu, aliyekuwa amekaa kizingitini akisuka ukili, aliposema taratibu, "Mimi nilimrambisha halua. Kwa kidole. Alionja tu." Akaonyesha kidole cha shahada. Wakati gani? Watu walipokuwa wananywa kahawa. Kwa hiyo ni dakika kumi hivi kabla ya kujikuna, karibu zaidi na dalili kuliko kamba. Kwa wiki 5 hakuna aliyemuuliza mtoto huyu neno.

Tukaandika viungo. Mkate: unga wa ngano, hamira, sukari, chumvi, mafuta, simsim. Halua: sukari, wanga, samli, iliki, na vinginevyo tusivyovijua. Ngano alikula kila siku kwa chapati. Samli na sukari vivyo hivyo. Baba akampigia simu aliyewapikia halua. Jibu lake lilikuwa la mtu mwenye fahari na kazi yake: humalizia kwa simsim iliyokaangwa, nyingine huichanganya ndani, nyingine huinyunyiza juu.

Hapo bibi akaingia ndani, akarudi na chupa ya uto. Akaiweka sakafuni kati yetu. Akasema kwamba kwa miezi kadhaa kila alipomkanda, mahali mafuta yalipopita pakiinuka wekundu na mtoto akijikuna. Alidhani harara inatoka nje, na kutoka ni kupona. Akaniuliza, "Mwanangu, ni mimi niliyemtia sumu?"

Nilimjibu la, mama. Mafuta yale yamekanda watoto wengi wa mji huu wakakua na afya. Tofauti ilikuwa ngozi ya mtoto, iliyokuwa na mipasuko midogo tangu miezi 3.

Vipimo

Kisiwani hatuna kliniki ya mzio. Familia ilivuka kwa boti hadi Mokowe, ikapanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa kwa mtaalamu. Niliwaagiza waache dawa zote za mzio siku 7 kabla, kwa sababu zinaweza kukifanya kipimo kionyeshe salama pasipo usalama.

Kipimo ni chepesi kutazama: matone madogo juu ya mkono, kila tone likichomwa juujuu kwa ncha, kisha kungoja dakika 15. Simsim iliinua uvimbe wa milimita 8. Kamba, yai, maziwa, njugu na korosho havikuinua chochote. Uvimbe wa milimita 3 au zaidi huhesabiwa, lakini peke yake huonyesha tu kwamba mwili unakitambua kitu hicho. Kilichokamilisha jibu ni uvimbe huo pamoja na matukio mawili yaliyo kwenye daftari. Ningepeleka mtoto apimwe vyakula 40 bila daftari, ningerudi na orodha ya vitu vinavyotambuliwa na mwili lakini havimdhuru, na kilo zingezidi kupungua.

Kamba alipewa hospitalini mbele ya mtaalamu, kwa vipande vidogo vilivyoongezwa polepole kwa saa kadhaa, sindano ikiwa tayari mezani. Alimaliza, akaomba wengine.

Uchambuzi

Lililofaa siku ya kwanza ni uamuzi wa ami kuondoka, adrenalini ya paja bila kusita, kurudia kipimo, na kumbakiza mtoto usiku. Lililoponza ni kungojea dawa ya maji. Klofeniramini hupunguza mwasho na mabaka, lakini haifungui koo wala kupandisha shinikizo. Ubaya wake ni kwamba ngozi inapotulia watu hupumzika, na hatari inaendelea ndani.

Kuhusu chanzo, kosa langu lilikuwa kusimama kwenye jambo la kwanza lililolingana. Kamba alikuwa mpya, lakini halua nayo ilikuwa mpya. Nilichukua tukio moja nikalifanya ushahidi kamili. Tukio moja hutoa washukiwa. Matukio mawili ndiyo yanayowachuja, kwa kutazama kilichokuwepo pote pawili. Tena tukio la pili halikupaswa kungojwa: lile la ngozi kuinuka wekundu kwa uto lilikuwepo tayari miezi mingi, kama ningeuliza habari za ngozi.

Mkate nao una funzo lake. Mbegu zilipukutika lakini protini ya simsim ilibaki kwenye mkate, na iliyomdhuru ni hiyo. Kwa mtoto mwenye mzio mkali, kuondoa kinachoonekana hakutoshi. Uto usiosafishwa hubeba protini hiyo pia.

Je, uto ndio ulioanzisha mzio? Kwa mtoto mmoja siwezi kuthibitisha. Ila njia yake inafahamika: chakula kinachoingia kupitia ngozi iliyopasuka, kabla tumbo halijakizoea, huweza kuufundisha mwili kukiona kama adui, ilhali kinachoingia mapema kwa kinywa mara nyingi huufundisha kukikubali. Utafiti wa LEAP uliotolewa mwaka 2015, uliofanyika London kwa watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, ulionyesha kwamba walioanza kulishwa njugu wakiwa na miezi 4 hadi 11 walipata mzio wa njugu kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Mtoto wetu alikula njugu mapema na hana mzio nazo. Simsim ilimgusa ngozi kwa mwaka mzima na zaidi kabla haijamgusa ulimi.

Jambo jingine ni majina. Mama aliambiwa "simsim" na angeweza kununua kitu chenye "ufuta" au "tahini" bila kujua ni kitu kimoja. Marekani iliiongeza simsim kwenye orodha ya vyakula vikuu vya mzio vinavyolazimika kuandikwa kwenye pakiti kuanzia Januari 2023. Lakini halua ya sinia na kashata ya barazani hazina pakiti. Hapo kinga ni kuuliza, na kumuuliza aliyepika mwenyewe.

Hali ilivyo sasa

Sindano za kujidunga zilizo tayari hatukuzipata. Tumeipa familia ampuli 2 za adrenalini na sindano za mililita 1 ambazo nimezifunga uzi wa plasta kwenye mstari wa kipimo chake. Baba, mama na ami wamejifunza kuvunja ampuli, kuvuta na kudunga; walifanyia mazoezi kwa maji na chungwa mpaka mkono wa mama ukaacha kutetemeka. Kopo la dawa linakaa kwenye kidaka cha juu ukutani, mbali na jua na mikono ya watoto. Dawa ikigeuka rangi ibadilishwe, na uzi usogezwe mtoto akiongezeka uzito. Wameambiwa pia: ukidunga, bado njoo.

Ukurutu unatibiwa kwa krimu na mafuta mazito yasiyo na chakula ndani. Samaki, mayai na maziwa vimerudi, na katika miezi 3 alifika kilo 11.9. Mzio wa simsim hauachi watoto wengi, tofauti na wa maziwa au mayai, kwa hiyo atapimwa tena akiwa mkubwa zaidi, na nyumbani hakuna kumjaribu.

Juzi bibi alinijia na mjukuu mwingine, wa miezi 3, mashavu yake yameanza kukauka. Aliniambia kuwa hajampaka uto hata tone, na akauliza kama simsim aifiche kabisa nyumba nzima au amwonjeshe mapema kwa kinywa. Tumeanza na ngozi kwanza. Akikaribia kula, nitamwandikia mtaalamu wa Mombasa, na mwonjo wa kwanza utafanyika zahanatini, asubuhi, nikiwa zamu.